Uzi: Kwa nini Malindi–Garsen inachosha kuliko Mombasa–Malindi, na ardhi ni tambarare?

#1 PedaliPekee
Salaam wanajukwaa.

Nimemaliza safari ya baiskeli, peke yangu, kutoka Mombasa hadi Mokowe, kisha nikavuka Amu, yaani Lamu. Safari ilikuwa nzuri, alhamdulillahi, ila kuna jambo limenikaa kichwani na nataka wenye ujuzi wanisaidie.

Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120. Barabara ina kupanda na kushuka: kuna kimlima baada ya daraja la Mtwapa, kuna Kilifi, na mbele yake unapanda na kushuka tena hadi unapofika msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilifika Malindi jua lingali juu, nikaoga, nikala, na jioni nikapata nguvu ya kutembea mpaka ufukweni.

Nikapumzika Malindi, halafu nikashika njia ya kaskazini. Malindi mpaka njia panda ya Minjila, karibu na Garsen, ni kilomita 110 hivi, yaani ni fupi kidogo. Ukishavuka daraja la Sabaki hakuna mlima wa kutajika. Na ilikuwa Agosti, kusi inavuma, upepo mgongoni. Nilijua nitateleza tu mpaka nifike. Badala yake nilifika Minjila miguu imekufa, kichwa kinagonga, na sikuwa na hamu hata ya kujibu salamu ya aliyeniuzia chai.

Baiskeli ni ile ile. Kuna mahali baada ya Marereni nilishuka nikiamini breki inashika rimu. Nikaiinua nyuma, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka vizuri, polepole likasimama lenyewe, na zile raba za breki hazikuwa zimegusa popote. Nikapanda tena na uzito ukawa ule ule.

Waliowahi kupita kule kwa baiskeli, hii barabara ina nini?

#2 FundiGololi
Wa alaikum salaam. Pole na hongera.

Lami. Wengi huangalia mlima na kusahau kinachokanyagwa na tairi. Kuna lami laini ambayo tairi inalia "shhh" tu, na kuna lami ambayo kokoto zimetokeza juu. Kwenye ile ya kokoto kila kipande cha jiwe kinainua tairi kidogo, fremu inatetemeka, na nguvu yako inaishia kwenye mtetemo. Mwenye gari hajui tofauti. Mwenye baiskeli anaijua kwa magoti.

Halafu niambie ulijaza upepo kiasi gani. Vijana wengi wakienda safari ndefu hujaza mpaka tairi linakuwa jiwe, wakidhani ndiyo kasi. Kwenye lami laini ni kweli. Kwenye lami ya kokoto tairi gumu linarukaruka na unapoteza zaidi. Punguza kidogo, na kama fremu inaruhusu, weka tairi pana.

#3 MwanaGede
Mimi nasema ni kichwa. Mombasa mpaka Malindi kila kilomita tano kuna kitu: soko, shule, watoto wanakupigia kelele "baiskeli! baiskeli!", muuza mahindi, matatu inakupigia honi. Ukipita Marereni vijiji vinaachana. Unaona barabara imenyooka mpaka inapotea, unakanyaga nusu saa na picha ni ile ile. Mwili unauliza tunaenda wapi.

Na tusiseme tambarare ni raha. Mlima una mteremko wake. Ukiteremka Mtwapa au Kilifi miguu inapumzika, makalio unayainua kwenye kiti, damu inapita. Kwenye tambarare hupumziki hata kidogo. Mzunguko wa pedali ni ule ule, mkao ni ule ule, kutwa nzima.

#4 NahodhaMstaafu
Kijana, umesema kusi na umesema mgongoni. Ni sawa, lakini ni sawa kwa kipande kimoja tu.

Kusi hapa kwetu inatoka kusini na mara nyingi inainama kutokea kusini-mashariki. Sasa chukua ramani. Mombasa kwenda Malindi hauendi kaskazini moja kwa moja, unaelekea kaskazini-mashariki kufuata ufuo, kwa hiyo upepo unakupiga begani, bega la kulia. Malindi kwenda Garsen ndiyo unaelekea kaskazini hasa. Hapo ndipo upepo unapokuwa mgongoni kabisa. Na ukikunja kulia Minjila kwenda Witu na Mokowe, unaelekea mashariki, upepo unakuja ubavuni na wakati mwingine karibu na uso.

Kwa hiyo kama ni upepo, kipande cha Malindi–Garsen ndicho kilichopaswa kukubeba. Tafuta sababu nyingine.

#5 PedaliPekee
#2 Fundi, tairi zangu ni za inchi 28, nyembamba kiasi, na kweli nilijaza sana kabla ya kuondoka Malindi. Lami kuna mahali ni laini na mahali pana kokoto. Lakini uchovu haukuja na kokoto na kuondoka na kokoto. Ulikuja tu, ukakaa.

#4 Shikamoo nahodha. Hilo la Minjila–Witu ni kweli tupu, nililiona: kona ile ile upepo ulianza kunisukuma upande. Na ajabu ni kwamba siku ya Witu, pamoja na upepo wa ubavuni, nilichoka kidogo kuliko siku ya Garsen.

#6 MuuguziKilifi
Basi umejijibu mwenyewe, na nahodha amekusaidia bila kujua.

Tatizo ni huo upepo wa mgongoni. Mwili wa anayeendesha baiskeli unapoa kwa njia mbili kubwa: hewa inayopita juu ya ngozi, na jasho linalokauka. Ukiwa na upepo wa ubavuni au wa mbele, hewa inapita, jasho linakauka, unahisi baridi. Upepo ukiwa nyuma yako na kasi yake inakaribiana na yako, hewa karibu haisogei. Unakuwa ndani ya joto lako mwenyewe. Jasho linatiririka chini badala ya kukauka, na jasho linalotiririka halipoozi mwili.

Damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kujaribu kutoa joto, moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ile ile, na miguu inapata kidogo. Hapo ndipo kichwa kinapogonga. Na siku ya Witu upepo ulikuwa ubavuni, ukapoa, ukawa mzima. Kwangu mimi hakuna siri.

Swali langu: ulikunywa nini?

#7 MwalimuHesabu
Niweke namba kwenye hoja ya #6 maana ni nzuri. Ukienda kilomita 18 kwa saa na upepo wa nyuma ni kilomita 15 kwa saa, hewa inayokupita ni ya kilomita 3 kwa saa tu. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, tena chini ya jua la Tana.

Lakini kuna upande wa pili. Nguvu ya hewa kukuzuia inakwenda na mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Ukienda kilomita 18 kwa saa huku upepo huo huo unakuja usoni, hewa inakupiga kwa 33, na kizuizi kinazidi mara 3 ya siku isiyo na upepo. Upepo ukiwa nyuma, kizuizi karibu hakuna. Kwa hiyo kazi yako Malindi–Garsen ilikuwa ndogo sana, na mtu anayefanya kazi ndogo hatoi joto jingi. Isipokuwa hukupunguza nguvu, ukaamua kukimbia. Ulikimbia?

#8 PedaliPekee
#7 Nilikimbia ndiyo, asubuhi yote. Nilipoona inateleza nilisema nifike mapema. Mpaka Gongoni nilikuwa nafurahi, naangalia maji ya mashamba ya chumvi yanang'aa, nikasema leo ni siku yangu.

#6 Nilikunywa maji, mengi, na madafu Mambrui. Kuanzia Marereni nilibeba maji ya ziada kwenye kariya kwa sababu niliambiwa mbele maduka ni machache.

#9 DafuTamu
Aliyekunywa madafu hawezi kusemwa hana chumvi. Dafu ni dawa kamili. Wagema wa huku kwetu wanapanda minazi kutwa na hawana pakiti za dukani.

Mimi naona ni hayo maji ya ziada. Umesema baiskeli ni ile ile halafu umebeba maji nyuma. Uzito huo!

#10 MuuguziKilifi
#9 Ndugu yangu, dafu nalipenda na ninalinywa, ila tuliseme kwa haki. Dafu lina potasiamu nyingi na sukari kidogo. Sodiamu yake ni ndogo, na sodiamu ndiyo inayotoka kwa wingi kwenye jasho. Ile chokaa nyeupe inayobaki kwenye shati jeusi ukishakauka ni chumvi, na dafu halirudishi yote.

Anayetoka jasho saa nyingi na kunywa maji matupu mengi anaweza kufika mahali chumvi ya damu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, unyonge, mtu hataki kuongea. Soma tena #1. Hilo ni jambo la hatari, watu hulazwa kwa sababu hiyo.

Maji ya kurudisha chumvi mwilini unaweza kutengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kamulia ndimu upate ladha. Au kula viazi karai vyenye chumvi na achari, au mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, na hilo dafu lako pembeni. Wagema wako #9 wanakula samaki mkavu na ugali, ndiyo maana wako wazima.

#11 MwalimuHesabu
#9 Kuhusu uzito wa maji. Mzigo unaumiza kwenye mlima. Kwenye tambarare, ukishapata mwendo, uzito unaongeza msuguano wa tairi tu. Kama baiskeli, mtu na mizigo ni kilo 100, lita 6 za maji ni kilo 6, msuguano wa tairi unaongezeka asilimia 6. Utausikia, lakini hauwezi kumfanya mtu akatae kujibu salamu.

#12 BintiWaShela
Salaam kutoka Amu. Shela ya huku, si ile ya Malindi.

Nimesoma yote na nina kesi inayowavuruga. Mimi niliendesha njia hiyo hiyo kwa upande wa pili, peke yangu, mwezi wa Januari. Mokowe, Witu, Minjila, Malindi. Ilikuwa kaskazi, na ukikunja Minjila kushuka Malindi kaskazi inakuwa nyuma yako kama kusi ilivyokuwa nyuma ya PedaliPekee. Na mimi pia kipande hicho ndicho kilichoniua. Cha Witu–Minjila sikulalamika.

Sikukimbia, #7, mimi siendeshi kwa haraka. Nilikuwa na maji ya ukwaju yenye chumvi, #10, mama yangu hanitoi nyumbani bila hayo. Tairi zangu ni pana, #2. Kilichobaki ni joto lisilo na hewa, au ni alichosema MwanaGede, #3. Ninavyokumbuka mimi, kulikuwa na saa mbili ambazo sikuona mtu wala sikusikia chochote isipokuwa cheni. Nilianza kuhesabu nguzo. Nilipoanza kuona watu wa Marereni miguu ilirudi, na sikuwa nimekula wala kunywa kitu kipya.

#13 MwanaGede
Asante dada. Kesi imekwisha, nipeni kahawa yangu.

#14 MuuguziKilifi
#13 Haijakwisha. Kesi ya #12 inathibitisha ya kwangu: upepo nyuma pande zote mbili, uchovu pande zote mbili. Na Januari jua ni kali kuliko Agosti.

#15 FundiGololi
Nyote mnazungumzia mwili. Rudini kwenye baiskeli.

Kule kuna mathenge, ule mti wa miba. Yale matawi yakikatwa au kuburutwa na mifugo yanaacha miba pembeni mwa lami, na mwiba wa mathenge ni mgumu kama msumari. Mara nyingi hautoboi tyubu ikapiga kelele. Unaingia, unakaa, upepo unatoka kidogo kidogo kwa saa nzima. Tairi linakuwa laini bila wewe kujua, na tairi laini ni breki. Ukishuka kuangalia breki, gurudumu likiwa hewani linazunguka vizuri kabisa, kama alivyosema #1! Kwa sababu uzito wako haupo juu yake.

Unaposhuka bonyeza tairi kwa kidole gumba. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole, kitambaa kitanasa mwiba. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni ambayo haijakauka na pampu ya kweli, siyo zile ndogo za kuchezea.

#16 PedaliPekee
#15 Hapo umenigusa. Nilipofika Minjila niliongeza upepo, nyuma. Lakini niliongeza kwa sababu ya mazoea, na asubuhi yake tairi lilikuwa gumu. Kama kungekuwa na mwiba lingelala.

#17 FundiGololi
Si lazima. Mwiba ukiwa bado umeziba tundu, baiskeli ikisimama hautoi upepo. Unatoa tairi likizunguka na kujikunja. Toa tyubu uiweke kwenye karai la maji, uivute. Uniambie.

#18 NahodhaMstaafu
Dada wa Shela amenikumbusha jambo la watu wa zamani. Mnajua kwa nini vyombo vilikuwa havibishani na msimu? Yule Mreno, Vasco da Gama, alifika Malindi 1498, akapewa rubani, akaondoka na upepo wa kusi akafika India chini ya mwezi mmoja. Kurudi hakusubiri msimu. Alikaa baharini karibu miezi mitatu, watu wakafa kwa kiseyeye, akafika tena Malindi Januari 1499 akiwa na mabaharia nusu mfu. Bahari ile ile, safari ile ile. Anayetaka kupanda na baiskeli naye afuate msimu.

#19 MsomajiWaTuaka
Nahodha, rubani mwenyewe alikuwa Ahmad ibn Majid, mtu mkubwa wa elimu ya bahari. Tumtaje kwa jina lake.

#20 MwalimuHesabu
#19 Hilo limerudiwa sana lakini wanahistoria wengi sasa hawalikubali. Maandishi ya Kireno ya karne ya 16 yanamtaja rubani kama mtu wa Gujarati, na Ibn Majid alikuwa Mwarabu, tena mzee sana wakati huo. Msimu ndio hauna ubishi: waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi inaanza.

#21 MsomajiWaTuaka
#20 Nimepokea, ila nitaendelea kulitafuta.

#22 Msimamizi
Rubani afunguliwe uzi wake tafadhali. Hapa ni baiskeli.

#23 DerevaWaUsiku
Mimi naendesha lori njia hiyo, nawaona ninyi watu wa baiskeli kutoka juu. Naomba niseme nionavyo.

Kipande cha kusini kina magari mengi lakini yanakwenda polepole, kuna matuta, kuna miji. Kaskazini magari ni machache na kila moja linapita likiwa na kasi. Nikiwa nyuma ya mtu wa baiskeli namwona mabega yanapanda, mikono inakamata usukani kwa nguvu, na anasogea kwenye ukingo ambako lami imemeguka. Nikishampita naye bado amekakamaa, anasubiri mwingine. Kutwa nzima hivyo, shingo na mgongo vitachoka kuliko miguu. PedaliPekee amesema kichwa kinagonga. Kichwa kinagonga kwa shingo pia.

Wekeni kioo kidogo kwenye usukani na vaeni fulana inayong'aa, hata mchana. Nikikuona mapema nakupisha kwa nafasi, na wewe hutakakamaa.

#24 PedaliPekee
#23 Asante sana, hili sikulifikiria kabisa. Shingo iliniuma siku mbili. Kioo nitaweka.

#25 MiguuMikavu
Mnazidisha. Kuna Mjerumani, Heinz Stücke, aliondoka kwao 1962 akazunguka dunia kwa baiskeli miaka hamsini. Baiskeli ya chuma ya gia tatu, mzigo mzito kupita kiasi. Hakuwa na mambo ya sodiamu wala tairi pana. Wazee wetu wamekwenda na Black Mamba isiyo na gia kutoka Ganze mpaka Malindi wakiwa na magunia ya mkaa. Uchovu ni uchovu, mtu analala anaamka.

#26 BintiWaShela
#25 Stücke hakuwa na pa kuwahi. Ukisoma safari za watu kama yeye utaona walikuwa wakichoka wanakaa, mahali wanapopendwa wanakaa wiki. Sisi tuna likizo fupi, tunataka kufika Minjila kabla ya jua kuzama kwa sababu hakuna pa kulala katikati. Huo nao ni uzito. Unakanyaga ukiangalia jua.

Na wabeba mkaa wanaondoka alfajiri, jua likichomoza wako mjini. Wao ndio wenye akili.

#27 KijanaWaMajengo
Jamani mimi nataka kwenda Desemba, Malindi mpaka Amu, peke yangu. Hizi hoja zote nazisoma na hofu inanipanda. Mtu analala wapi? Na usalama je?

#28 BintiWaShela
#27 Usiogope, ila usidharau.

Desemba ni kaskazi. Utakuwa na upepo usoni kutoka Malindi mpaka Minjila. Utapoa, lakini soma namba za #7. Gawanya njia. Ondoka Malindi baada ya swala ya alfajiri, saa nne uwe kivulini, saa tisa alasiri uendelee. Usiku usiendeshe kabisa: magari hayakuoni, na delta ya Tana ina nyati na viboko.

Usalama ndio la kwanza. Kabla ya kuondoka Malindi uliza polisi hali ya njia, na ukifika Minjila uliza tena kabla ya kukunja kulia. Njia ya Lamu ina vizuizi vya ukaguzi na imewahi kuwa na misafara ya kusindikizwa. Wakikuambia pakia baiskeli kwenye basi, pakia. Hakuna aibu. Mimi nilipakia kipande kimoja na safari haikuharibika. Kitambulisho kiwe mfukoni, siyo chini ya begi. Mvua zikiwa kubwa uliza pia maji: mafuriko ya 2023 yaliifunga njia ya Garsen–Lamu.

Kulala: fika mapema, jua lingali juu. Usipige hema kichakani kimya kimya, watu watashtuka na wana haki. Nenda kwa mzee wa kijiji, au imamu, au kituo cha polisi, amkia, jitambulishe unatoka wapi na unaitwa mtoto wa nani. Mimi Witu nilipokelewa na mama mmoja ambaye sikumjua. Nilimkuta anapepeta mchele barazani, nikamwamkia, akaangalia baiskeli, akaangalia miguu yangu yenye vumbi, akasema "ingiza ndani hiyo, kuku wataichafua." Hakuniuliza kitu kingine mpaka nilipokwisha kuoga. Usiku mabinti zake wakaniuliza mambo mpaka nikalala nikizungumza.

Kwa wasichana wanaotaka kwenda: suruali pana chini, deraa fupi juu na ushungi mwepesi uliofungwa nyuma usiingie kwenye gurudumu. Sikusumbuliwa njiani. Maswali yalikuwa mengi, ya upendo.

#29 KijanaWaMajengo
Asante dada, nimenakili yote.

#30 MwalimuHesabu
PedaliPekee, kama unataka jibu na siyo maoni, rudia kipande hicho wakati wa matlai, mwezi wa Oktoba au Novemba, upepo ukiwa mdogo. Tairi zilegezwe kidogo kama alivyosema Fundi. Jipime uzito asubuhi kabla ya kuondoka na jioni ukifika: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyopoteza bila kuirudisha. Usikimbie.

#31 MuuguziKilifi
#30 Akibadilisha tairi, upepo, kasi na kinywaji kwa wakati mmoja atajuaje ni kipi? Abadilishe kimoja. Aanze na chumvi.

#32 FundiGololi
Aanze na tairi. Chumvi haizibi mwiba.

#33 MwanaGede
Aende na rafiki wa kuzungumza naye.

#34 PedaliPekee
#33 Hapana. Peke yangu ndiyo safari yenyewe. Ninachoona nikiwa peke yangu sikioni nikiwa na watu.

Leo nimetoa tyubu ya nyuma nikaiweka kwenye karai la maji kama alivyosema #17. Kuna povu dogo sana linatoka nikiivuta, karibu na kiraka cha zamani. Mwiba sijauona ndani ya tairi. Fundi atasema ameshinda, na mimi sijui: kiraka hicho kilikuwepo tangu Mombasa, na Mombasa–Malindi sikuchoka.

Nitakwenda tena matlai, na nitaanza na chumvi kwa sababu ndiyo rahisi kubeba.

#35 FundiGololi
Kiraka cha zamani kinavuja zaidi kwenye joto, gundi inalainika. Malindi–Garsen ndiko kwenye joto. Nunua tyubu mpya.

#36 KijanaWaMajengo
Swali la mwisho kwa dada wa Amu: pale Mokowe baiskeli inavukaje? Na nikishafika Amu naendesha wapi, maana nasikia vichochoro ni vya punda?

#37 BintiWaShela
Inapanda boti pamoja nawe, jitihada ni kupatana bei kabla ya kuipakia. Ilaze juu, siyo chini kwenye maji ya chumvi, na ukishuka imwagie maji baridi yasiyo na chumvi uipake cheni mafuta siku hiyo hiyo, kutu ya huku haisubiri kesho. Mjini utaikokota tu, punda ana njia kwanza. Ukitaka kuendesha, nenda ufuo wa Shela maji yakiwa yamekupwa, mchanga unakuwa mgumu. Ukifika andika hapa, tutakuelekeza pa kuiweka.